Bi Kioo, Fundi wa Lenzi Aliyesingiziwa

Siku ya Jumamosi, tarehe 4 Juni 2022, saa nne asubuhi, katika sebule ya marehemu, kwenye meza iliyo chini ya dirisha, walikuwapo watu sita, nao ni hawa: marehemu mwenyewe, ambaye sote tulimwita Bi Kioo, daktari wa meno, mwenye lenzi iliyokuwa mezani siku hiyo, Mzee wa Giza, aliyekuwa akisafisha filamu katika chumba cha giza cha studio alikofanya kazi marehemu, binti wa marehemu, ambaye ni muuguzi, jirani wa marehemu, fundi cherehani, aliyeingia kurudisha mkasi akaambiwa akae, na kaka wa marehemu, ambaye ndiye anayesoma historia hii. Mtu wa saba, mwenye studio, anayejulikana kwa jina la Bwana Tabasamu, aliitwa kwa simu mara mbili, na mara ya pili akajibu kwamba ana wageni.

Ni desturi historia kama hii ianze na kuzaliwa, na kaka yake anaijua desturi hiyo, amesoma nyingi kuliko anavyopenda kukumbuka, lakini ameona aanze na orodha ya mashahidi, kwa sababu wapo watu ambao wakishatoka hapa watasema hawakusikia vizuri, naye hataki mtu yeyote atoke hapa na kisingizio hicho.

Bi Kioo alizaliwa tarehe 14 Februari 1948, mtoto wa pili na wa mwisho katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, baba yao akiwa karani wa ghala, na mama yao akiwa mama wa nyumbani aliyeshonea watu vifungo. Aliingia shule ya msingi Januari 1956, akamaliza Desemba 1963, wa tatu katika darasa la wanafunzi thelathini na wanane, wa kwanza katika hesabu, na hakuendelea, kwa sababu karo ya mtoto mmoja ilikuwapo na ya watoto wawili haikuwapo, na aliyeendelea ni kaka yake. Alipoondoka nyumbani kwenda shule ya bweni, kaka yake alimwachia bikari yake ya zamani ya kuchorea duara, akidhani amempa kitu cha kuchezea. Bi Kioo aliisugua miguu yote miwili kwa tupa mpaka ikawa na ncha bapa zinazolingana, akapata spana ya kufungulia pete za lenzi, na spana hiyo ameitumia kwa zaidi ya miaka hamsini.

Mwaka 1964 alianza kukaa dukani kwa mjomba wao, fundi saa, ambako alijifunza kushika kitu kidogo bila kukibana, na ni mjomba huyo aliyempa jina la Bi Kioo, mwaka 1965, siku alipomkuta ameifungua darubini mbovu ya mteja, ameisafisha na kuirudisha bila kubakiza hata skrubu moja. Jina hilo ni Bi Kioo. Si Mama Kioo, kama ilivyoandikwa kwenye utepe wa shada lile la maua lililo upande wa kushoto, wala si Bi Vioo, na aliyelipa kazi ya kuandika utepe angeweza kuuliza.

Tarehe 2 Machi 1970, siku ya Jumatatu, aliajiriwa katika studio ya Bwana Tabasamu, ambaye jina lake lilitokana na kuwaambia wateja watabasamu na yeye mwenyewe kutotabasamu kamwe, akapewa chumba cha nyuma chenye dirisha moja, meza moja na bomba lililovuja, na humo alikaa miaka ishirini na mitatu na miezi sita. Kazi yake ilikuwa kufufua lenzi za zamani ambazo wengine walishaziandikia buriani: zilizodondoka zikapinda mdomo, zilizoingiwa na ukungu unaotambaa ndani ya kioo kama utando wa buibui, zilizovuja mafuta mpaka vile vibamba vya chuma vya kupitishia mwanga, vinavyofunguka na kufumba kama kope, vikagandamana. Vifaa vingi alijitengenezea mwenyewe: kizibo cha sinki cha mpira kwa kuzungushia pete ya mbele, pampu ndogo ya kusafishia masikio ya watoto kwa kupulizia vumbi, na soksi za pamba zilizofuliwa mara hamsini kwa kufutia. Vioo vya kale vilivyogeuka rangi ya manjano aliviweka dirishani vipigwe na jua kwa wiki kadhaa, na wafanyakazi wenzake wakipita walimtania, "Bi Kioo, leo umeanika macho ya nani?" naye akajibu, "Ya kwako, maana hayaoni."

Kabla ya kutoa kioo chochote ndani ya lenzi, alichora kwenye ukingo wake kishale kidogo kwa penseli nyeupe, ncha ikitazama mbele, kuelekea kwa anayepigwa picha. Kioo kikirudishwa kinyume, kishale kinatazama nyuma. Hakuna fundi mwingine tunayemjua aliyefanya hivyo, na Bwana Tabasamu aliliona jambo hilo kwa macho yake kwa miaka zaidi ya ishirini.

Aliolewa tarehe 12 Desemba 1970 na fundi bomba aliyekuja studio kuziba lile bomba lililovuja, akaja mara nne kwa uvujaji mmoja, mpaka Mzee wa Giza akamwambia, "Shemeji, bomba limeshapona, sema kilichokuleta." Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba 1971, ambaye ni muuguzi, na mwana aliyezaliwa tarehe 5 Mei 1974, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mumewe alitangulia tarehe 2 Agosti 2009, na katika ndoa ya miaka thelathini na minane hatukusikia amemwinulia mkewe sauti, jambo ambalo kaka yake anaandika hapa kwa sababu wapo waume humu ndani.

Sasa tufike mwaka 1993. Studio ilikuwa na lenzi moja kubwa ya kupigia picha za makundi, namba 481207, ambayo Bi Kioo aliinakili katika daftari lake, na lenzi hiyo ilikuwa imeingia ukungu. Jumatano tarehe 8 Septemba alimaliza kuisafisha, akairudisha kwa mwenyewe, akamweleza kwamba ukungu wote umetoka, lakini kwenye kioo cha mbele kumebaki doa dogo, kwa sababu ukungu ukikaa muda mrefu huila ngozi ya kioo. "Bwana, hicho si uchafu, ni kovu," alimwambia. "Kovu halionekani kwenye picha. Liache." Bwana Tabasamu alilitazama doa lile na kusema kwamba yeye hatapiga picha na lenzi yenye ndui.

Jumamosi tarehe 11 Septemba lenzi hiyo ilipiga picha ya wauguzi arobaini na wawili waliohitimu, wamepangwa safu tatu, kofia zimenyooka. Picha ilipotoka, waliokuwa katikati walionekana vizuri, na waliokuwa pembeni, kumi na wanne kwa hesabu, walikuwa kama moshi, wana mabega na hawana nyuso. Mmoja wa hao kumi na wanne, wa mwisho kushoto katika safu ya pili, alikuwa binti wa Bi Kioo.

Ijumaa tarehe 17 Septemba wauguzi walikuja studio kulalamika, na mbele yao, na mbele ya wafanyakazi wanane, Bwana Tabasamu alimwita Bi Kioo kutoka chumba cha nyuma, akasema kwamba fundi wake ameirudisha lenzi kinyume na hakuwa na ujasiri wa kusema. Bi Kioo aliomba kitu kimoja tu, lenzi iletwe pale kaunta, ifunguliwe mbele ya watu, kishale kitazamwe. "Ifunguliwe ili umalizie kuivunja?" akajibiwa. "Hata mwanao wa kumzaa umemfuta uso! Toka. Kuanzia leo wewe si Bi Kioo, wewe ni Bi Kinyume." Watu walicheka. Huyo ndiye aliyelitunga jina la Bi Kinyume, siku hiyo, saa tano asubuhi, na kila aliyewahi kulitamka baada ya hapo alikuwa akiazima mdomo wake.

Binti alikuwapo, amevaa sare, akarudi nyumbani kwa njia nyingine ili asiongozane na mama yake. Kaka yake Bi Kioo alipopata habari jioni, alimwambia maneno ambayo inampasa ayasome hapa kama alivyoyasema: "Dada, kaombe radhi, yaishe. Nani hakosei?" Bi Kioo alimtazama, akamuuliza kama atakunywa chai ya maziwa au ya rangi. Hawakulizungumza tena jambo hilo kwa miaka mingi, na kaka yake alijidanganya kwamba huo ni usahaulifu.

Bwana Tabasamu aliwapigia simu wenye studio wenzake, mmoja baada ya mwingine, akiwaonya wasimpe lenzi, na alipoulizwa lenzi iliyoharibika iko wapi, alisema ameitupa. Hakuitupa, aliiuza. Bi Kioo akaanza upya nyumbani kwake, kwa wachache waliomwamini, na akaweka sheria ambayo kila mteja wake anaijua: hakuna kuacha lenzi na kuondoka, lenzi hufunguliwa mwenyewe akiwa ameketi upande wa pili wa meza, anaona kila kioo kikitoka na kila kishale kikichorwa, kisha anatia sahihi kwenye daftari. Wateja waliochoka kukaa walilalamika, mmoja akamwambia, "Mama, mbona hata kinyozi ananiruhusu nisinzie?" naye akamjibu, "Nywele zikiharibika zinaota." Madaftari hayo yapo tisa, na yana sahihi elfu moja mia mbili na sita, ambazo kwa maoni ya kaka yake ni ushahidi wa mwanamke aliyeishi kama mshitakiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa na urefu wa miaka ishirini na minane, miezi minane na siku kumi na nane, kwa maana ilifika mwisho asubuhi ile ya tarehe 4 Juni 2022, daktari wa meno, ambaye hukusanya lenzi za zamani, alipoweka mezani lenzi aliyoinunua kwenye kibanda cha vitu chakavu, akisema inapiga picha zenye ukungu pembeni. Bi Kioo aliisoma namba, akafungua daftari lake la zamani la studio, akasoma tena. "Daktari," alisema, "leo hutakaa peke yako. Naita watu." Akaita, na waliokuja mmeshatajiwa.

Aliifungua kwa ile bikari, taratibu, kama lenzi nyingine yoyote. Kioo cha mbele kilipotoka, kishale kilikuwa kinatazama nyuma. Kioo chenyewe kilikuwa kimesuguliwa mpaka ule mng'ao wa zambarau wa ngozi yake umetoka wote, kimebaki na mikwaruzo ya mviringo, na ndani ya mfereji wa pete kulikuwa na kitu cheupe kilichokauka kama chokaa. Daktari wa meno alikikwangua kwa ukucha, akakidondoshea tone la maji, kikatoa povu. "Jamani," alisema, "nimesomea miaka sita kuijua hii. Ni dawa ya meno."

Fundi cherehani akasema kwamba basi lenzi hiyo imepita mikono mingi, nani ajuaye ni nani, na hapo ndipo Mzee wa Giza alipoweka kikombe chini. "Mimi najua," alisema. "Ijumaa ile kabla ya picha, Bwana Tabasamu aliniomba dawa yangu ya meno. Nikamkuta chumbani amefungua lenzi, anasugua lile doa kwa kitambaa. Akaniambia, wewe hujaona kitu. Nilikuwa na watoto watano, Bi Kioo. Niliogopa." Bi Kioo hakuinua macho kutoka kwenye kioo. "Kazi yako ilikuwa ya gizani, Mzee, sikulaumu kwa kuona kidogo," alisema. "Nakulaumu kwa kunyamaza na ulichokiona." Binti aliinuka akaenda jikoni kuosha vikombe vilivyokuwa safi, akarudi mikono ikichuruzika maji, akasema, "Mama, nisamehe." Mama yake akamwambia, "Wewe ndiye uliyefutwa uso, mwanangu. Kaa." Kaka yake naye aliomba radhi, na hakujibiwa, na alistahili kutojibiwa.

Jumanne tarehe 7 Juni, Bi Kioo na kaka yake walikwenda nyumbani kwa Bwana Tabasamu wakiwa na lenzi ndani ya soksi. Aliitazama, akatazama mlango kama kuna mtu anasikiliza, akasema, "Bi Kioo, mimi na wewe tumeshazeeka. Haya tuyamalize hapa hapa, kimyakimya."

"Ulinifukuza kimyakimya?" akamuuliza.

Hakudai kitu kingine. Katika wafanyakazi wanane wa siku ile, watano walikuwa hai, na alichotaka ni Bwana Tabasamu aseme mbele yao, kwa kinywa kile kile, kwamba lenzi aliigeuza yeye. Bwana Tabasamu alikubali. Tarehe 18 Juni viti vilipangwa, watano wakaja, wawili wakisaidiwa kutembea, Bwana Tabasamu akatuma salamu kwamba goti limevimba. Tarehe 16 Julai viti vilipangwa tena, akasema ana safari. Tarehe 3 Septemba simu yake ilikuwa imezimwa, watano wale wakanywa chai, wakaagana, na mmoja akafa mwezi uliofuata bila kusikia alichoitiwa mara tatu.

Bi Kioo alianza kuvimba miguu tarehe 21 Oktoba 2022, vipimo vikaonyesha moyo umechoka, akaendelea na kazi mpaka vidole viliposhindwa kuhisi nyuzi za pete, ile mistari ya skrubu inayoifungia, na siku hiyo aliifunika meza kwa kitambaa na kusema kwamba fundi asiyehisi nyuzi ni mwizi. Alilazwa tarehe 27 Februari 2023. Jumanne tarehe 14 Machi, saa kumi jioni, Bwana Tabasamu alifika wodini, goti likiwa zima, akasimama kwenye korido na kuwaona wageni wamekizunguka kitanda, wakiwamo Mzee wa Giza na wafanyakazi wenzake wawili wa zamani. Binti alimfuata. "Ingia, baba, yuko macho, na watu wenyewe ndio hawa." Akajibu, "Leo kuna watu wengi. Nitarudi kesho kukiwa na utulivu."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya tatu, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyemsuka nywele bila kuombwa. Inawashukuru majirani wa ngazi zote nne, fundi cherehani aliyefunga kibanda chake siku kumi na tano, daktari wa meno aliyeikabidhi lenzi 481207 kwa binti na kukataa kuichukua tena, na wateja wote waliokubali kukaa kwenye kiti. Inamshukuru Mzee wa Giza kwa alichokisema, na haimshukuru kwa miaka aliyokaa nacho. Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na kaka mmoja mwenye umri wa miaka themanini, na tunamwombea alale mahali ambapo hakuna atakayemdai ushahidi.

Asubuhi hii, saa tatu na robo, kabla hatujaanza, Bwana Tabasamu, ambaye ameketi safu ya tatu, upande wa kulia, alimwendea mwana wa marehemu na kuomba apewe dakika mbili za kuzungumza mbele ya watu, akisema kwamba ana jambo zito moyoni na sasa yuko tayari. Watoto walishauriana, wakamuuliza mjomba wao, na familia imekataa. Maneno hayo yalikuwa na mwenyewe, yalipaswa kusemwa yeye akisikia, na hatumpi mtu nafasi ya kujisafisha mbele ya jeneza.

Bi Kioo alifariki siku ya Jumatano, tarehe 15 Machi 2023, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi.